Matatizo ya Nyumba ya Shambani Alpujarra: Dalili, Chanzo na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu ni wa mgeni anayezungumza Kiswahili ambaye amekodi nyumba ya shambani katika Alpujarra, yaani miteremko ya kusini ya milima ya Sierra Nevada, mkoani Granada, nchini Hispania. Nyumba hizo, ambazo wenyeji huziita cortijo, zina kuta nene za mawe na paa bapa lililofunikwa kwa udongo wa kijivu uitwao launa, na nyingi ziko mwisho wa barabara ya vumbi, mbali na kijiji. Fundi haji siku hiyohiyo, na siku ya Jumapili huenda asipatikane kabisa. Nimeangalia nyumba ya wageni ya aina hii kwa muda wa kutosha kujua kwamba simu nyingi za usiku hazihusu kifaa kilichoharibika: gesi imekwisha mtungini, maji yamekwisha tangini, au umeme umezidiwa na vyombo vilivyowashwa kwa pamoja. Kwa hiyo, kabla ya kugusa kifaa chochote, jiulize kwanza kama tatizo liko mahali pamoja tu au limeenea nyumba nzima. Likiwa mahali pamoja, chanzo kiko hapohapo. Likiwa nyumba nzima, kitafute mwanzoni mwa njia, kwenye mita, kwenye pampu au kwenye mtungi.

Ramani ya simu imekufikisha kwenye mnyororo au kwenye zizi la mbuzi

Chanzo ni anwani yenyewe. Anwani nyingi za mashambani nchini Hispania huishia na herufi s/n, maana yake nyumba haina namba, na ramani ya simu ikikosa namba huchagua katikati ya eneo zima, kisha hukuchorea njia fupi kuliko zote, hata kama njia hiyo ni ya kupitisha mifugo tu. Mwombe mwenyeji akutumie majira ya nukta ya nyumba, yaani zile namba mbili za latitudo na longitudo, pamoja na picha za kila njia panda katika kilomita za mwisho, na upakue ramani ya eneo lote ukiwa bado mjini, kwa maana mtandao hupotea mara tu unapoingia bondeni.

Panga kufika kabla ya jua kuzama. Hapa msomaji aliyezoea jua la Mombasa au Dar es Salaam hukosea kwa urahisi, kwa sababu saa za mchana hubadilika sana kulingana na majira: mwezi wa Juni jua la Granada huzama baada ya saa tatu na nusu usiku, ilhali mwezi wa Desemba giza huanza kuingia mnamo saa kumi na mbili jioni. Mkiahidiana saa na mwenyeji, kumbuka kwamba yeye anapotamka nane jioni anamaanisha saa mbili usiku kwa hesabu yetu.

Ikiwa njia inashuka kwenye mkondo mpana wa mchanga usio na maji, hiyo ni rambla, neno lililotokana na Kiarabu na linalohusu mchanga. Wakati wa kiangazi cha huko, yaani Juni hadi Agosti, magari hupita humo bila shida. Katika miezi ya vuli ya huko, yaani Septemba hadi Novemba, usipite wala usiegeshe gari humo kama kuna mawingu mazito milimani, hata kama mahali uliposimama hakujadondoka tone, kwa sababu maji hushuka kwa ghafla kutoka mbali. Mafuriko ya tarehe 29 Oktoba 2024 katika jimbo la Valencia yaliua zaidi ya watu 200, na baadhi yao walikuwa ndani ya magari yao.

Plagi haiingii, au umeme unakatika kila unapopika

Tatizo la plagi ni dogo lakini humkuta karibu kila anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda. Plagi zetu zina meno matatu bapa, na soketi za Hispania hupokea meno mawili ya duara. Umeme wenyewe ni wa volti 230 na hezi 50, kwa hiyo chaja zenu zitafanya kazi; kinachohitajika ni adapta tu, nayo inunuliwe kabla ya safari au mjini Granada, kwa kuwa dukani kijijini utakuta zaidi adapta za Wahispania wanaosafiri kwenda nje.

Umeme kukatika ni jambo jingine. Nchini Hispania kila nyumba hulipia kiwango maalumu cha nguvu, na nyumba za shambani mara nyingi huwa na kiwango kidogo, kwa mfano kilowati 3.45. Birika la umeme hutumia takriban wati 2,000, na hita ya chumbani nayo wati 2,000. Ukiviwasha pamoja umeshapita kiwango, na mita hukata umeme wa nyumba nzima. Dalili yake ni kwamba taa zote huzimika kwa wakati mmoja, lakini ukifungua kisanduku cha swichi unaona zote bado zimesimama juu. Katika hali hiyo zima birika, hita, tanuri na mashine ya kufulia, shusha swichi kuu iliyo mwanzo wa safu, subiri sekunde chache, kisha uipandishe. Mita ikiona kwamba mzigo umepungua, hurudisha umeme yenyewe.

Ukikuta swichi pana yenye kitufe kilichoandikwa T imeanguka, chanzo ni tofauti kabisa, na hapo usiwe na haraka. Swichi hiyo huitwa diferencial, na kazi yake ni kukata umeme unapovuja kuelekea ardhini, pengine kupitia mwili wa mtu. Shusha swichi ndogo zote, pandisha diferencial, halafu pandisha zile ndogo moja baada ya moja. Ile itakayoiangusha tena ndiyo yenye hitilafu: iache chini, chomoa vyombo vyote vya upande huo, na uviangalie, hasa hita ya maji, pampu na soketi za nje zilizolowa mvua. Diferencial ikianguka hata baada ya swichi ndogo zote kushushwa, kazi yako imekwisha na ya fundi imeanza. Kuna wageni ambao hufunga swichi hiyo kwa utepe wa gundi ili isianguke tena. Hilo ni hatari ya kifo, nami nalikataza kabisa.

Baadhi ya nyumba hazijaunganishwa na gridi na hutegemea sola. Humo umeme ukizimika alfajiri huku kifaa cha kubadili umeme kikilia na taa yake nyekundu ikiwaka, betri zimeshuka, na dawa ni kusubiri jua lipande. Katika nyumba ya sola usitumie kikaushio cha nywele wala hita ya umeme hata kidogo, na fua nguo mchana wakati paneli zinazalisha.

Maji ya kuoga ni baridi

Hili ndilo tatizo linaloleta manung'uniko mengi kuliko yote, na nitalieleza kwa urefu.

Anza na bomba lenyewe. Familia moja kutoka Mombasa ilioga maji baridi kwa siku mbili mnamo mwezi wa Februari kwa sababu walisoma herufi C kwa Kiingereza na kudhani kwamba ni ya maji baridi. Kwa Kihispania C ni caliente, yaani moto, na F ni fría, yaani baridi. Walinieleza siku ya tatu, wakiwa na mafua, nami nilijuta kwamba sikuwaambia siku ya kwanza. Tangu hapo kila mgeni ninayempokea nampeleka bafuni kabla ya kumkabidhi ufunguo.

Ikiwa bomba ni sahihi, sikiliza hita ya gesi unapofungua maji. Hita nyingi za huku huwashwa kwa cheche zinazotoka kwenye betri mbili nene, zile ambazo wazee wetu waliziita mawe ya redio. Usiposikia mlio wowote wa cheche, betri zimekwisha. Kisanduku chake kiko chini ya hita, na betri za akiba huwa jikoni.

Ukisikia cheche lakini moto hauwaki, nenda kwenye jiko la kupikia. Jiko nalo likikataa, na vyote viwili vinatumia mtungi mmoja, basi gesi imekwisha au regulata imefungwa. Mtungi wa kawaida ni ule wa rangi ya chungwa wenye kilo 12.5 za gesi ya buteni, nao hubadilishwa kwenye kituo cha mafuta kwa kurudisha mtungi mtupu. Kabla ya kuubadilisha, zima kila moto uliopo chumbani, hata sigara. Funga regulata, nyanyua pete yake ili iachie, iweke juu ya mtungi mpya na uishushe pete mpaka usikie imejifunga, kisha ipime kwa sabuni na maji: ukiona mapovu yanaongezeka, gesi inavuja, na mtungi utolewe nje. Kamwe usipime kwa kiberiti. Baada ya kubadilisha, hewa hubaki ndani ya mpira, kwa hiyo fungua na kufunga maji ya moto mara kadhaa mpaka moto uwake. Angalia pia tarehe iliyochapwa kwenye mpira huo wa rangi ya chungwa. Ikiwa imepita, mwambie mwenyeji bila kuona haya.

Ikiwa hita inawaka kisha inazimika katikati ya kuoga, sababu ya kawaida ni maji yanayopita kuwa machache mno. Hita hizi hazikubali kuwaka pasipo mtiririko wa kutosha, na mgeni anayejaribu kupunguza joto kwa kufungua maji baridi kwa wingi hupunguza maji yanayopita kwenye hita mpaka inazimika. Punguza joto kwenye kirungu cha hita yenyewe, halafu fungua maji ya moto kwa ukamilifu. Kichwa cha bafu kilichoziba kwa chokaa huleta dalili hiyohiyo; kiloweke katika siki usiku kucha.

Asubuhi za Januari huja dalili nyingine: mtungi ni mzito, una gesi, na bado moto ni dhaifu au haupo. Buteni huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri za selsiasi, na mtungi uliowekwa nje ya nyumba iliyo juu ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari hukutana na baridi hiyo mara nyingi. Subiri jua liupige mtungi. Usiuwekee makaa, usiumwagie maji yanayochemka, wala usiuingize chumba cha kulala.

Nisisitize jambo moja hapa. Buteni ni nzito kuliko hewa, hivyo inapovuja hutulia chini, na ndiyo maana kuna matundu yenye wavu karibu na sakafu jikoni. Mgeni anayeziba matundu hayo kwa taulo ili kuzuia baridi anaondoa ulinzi alioachiwa na fundi.

Maji hayatoki kabisa

Likiwa ni bomba moja tu, fungua kichujio cha mdomoni mwake na ukisafishe chokaa. Likiwa ni nyumba nzima, tazama kwanza kama umeme upo, kwa sababu pampu ndiyo inayoyasukuma maji kutoka tangini, na mara nyingi ina swichi yake ndogo kwenye kisanduku. Umeme ukiwepo, nyanyua kifuniko cha tangi uangalie kiasi kilichobaki. Nyumba za zamani huhifadhi maji katika aljibe, jina la Kiarabu lililobaki Hispania tangu enzi za Waislamu wa Andalusia. Msomaji wa Lamu au Unguja ataitambua mara moja kama jabia ya kwao. Aljibe ikikauka, maji huletwa kwa lori la tangi, na lori halipandi mlima usiku, kwa hiyo toa taarifa mapema yanapofika robo, usisubiri mpaka bomba likohoe.

Pampu inayojiwasha na kujizima kila baada ya dakika chache huku mabomba yote yamefungwa inakuambia kwamba maji yanavuja mahali fulani. Mara nyingi ni tangi dogo la maji la choo ambalo boya lake limekwama. Funga koki iliyo ukutani kando ya choo. Pampu ikinyamaza, umepata chanzo. Usiku mmoja wa uvujaji kama huo unaweza kumaliza akiba ya wiki. Ukiona maji yakipita wazi kwenye mfereji juu ya nyumba, usidhani ni ya kwako kuchota: mifereji hiyo, iitwayo acequia, ina zamu za umwagiliaji zilizogawanywa kwa saa, na jirani aliyegeuziwa maji yake atakuja mlangoni.

Choo kinashuka polepole na kinanuka

Maji taka huingia kwenye tangi la shambani ambamo bakteria huyasaga. Karatasi za kujifutia zenye unyevu, pamba na pedi haziozi humo, na dawa kali ya klorini ikimwagwa kwa wingi huua bakteria hao. Ikiwa sinki zote na choo vinashuka polepole kwa pamoja na kutoa mlio wa kububujika, tangi limejaa: acheni kutumia maji kwa wingi na mpigie mwenyeji. Kibao kinachosema karatasi zitupwe kwenye ndoo na zisitupwe chooni kifuatwe, hata kama desturi ya nyumbani kwako ni nyingine.

Moshi umejaa sebuleni

Dohani yenye hewa baridi haivuti. Fungua kabisa kile kibati kinachodhibiti njia ya moshi, washa karatasi moja ya gazeti na uishike juu karibu na mdomo wa dohani mpaka uone ndimi zinavutwa, ndipo uwashe vijiti vidogo. Kuni zinazotoa mlio wa kuchemka na povu mwishoni hazijakauka. Za mzeituni na mlozi huwaka vizuri sana zikiwa kavu, lakini zikiwa mbichi hutoa masizi tu. Ikiwa moshi unarudi kila upepo unapovuma, fungua dirisha kidogo upande ule unakotoka upepo. Majivu yawekwe katika ndoo ya chuma, nje, mbali na kuni, kwa kuwa kaa hukaa na moto ndani kwa muda mrefu.

Sasa dalili isiyoonekana. Ikiwa watu wawili au zaidi ndani ya nyumba wanaumwa kichwa, wana kizunguzungu au kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, msidhani ni chakula. Huenda ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayotoka kwenye moto usiopata hewa ya kutosha, uwe wa jiko la kuni au wa hita ya maji. Tokeni wote nje kwanza, mkiacha milango wazi, kisha pigeni 112, namba ya dharura. Usilale ukiwa umeziba njia ya hewa ya jiko lenye makaa, na usiingize jiko la mkaa ndani kwa ajili ya kuota, desturi ambayo hata kwetu huua watu.

Kuhusu moto wa nje, sheria ya Andalusia inapiga marufuku kuwasha moto msituni na katika ukanda wa mita 400 kuuzunguka kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Oktoba. Nyumba nyingi za Alpujarra zimo ndani ya ukanda huo, kwa hiyo nyama ya kuchoma ya Julai ipikwe jikoni.

Nyumba ni joto mno, na kuna wadudu

Wageni hufungua madirisha mchana ili wapate upepo, na hewa ya moto huingia. Fanya kinyume: funga madirisha na vifuniko vyake asubuhi, fungua usiku. Nge na tandu hupenda kuni zilizorundikwa na viatu vilivyoachwa nje. Kung'uta viatu ni tahadhari ya kutosha. Kati ya Februari na Aprili, ukiona chini ya misonobari viwavi wakitembea kwa msururu mmoja, waondoe watoto na mbwa hapo, kwani manyoya yao huwasha vikali na huweza kuziba koo.

Mwenyeji anadai taarifa za pasipoti

Hilo si ubaguzi. Amri ya kifalme namba 933 ya mwaka 2021 inamlazimu kila anayekodisha malazi kuziwasilisha taarifa za wageni wake kwa serikali, Wahispania wenyewe wakiwemo.

Simu haina mtandao

Tafuta mahali palipo juu ya nyumba, mara nyingi paani au kwenye kona ya barabara. Simu inayoonyesha kwamba kampuni yako haipo bado inaweza kupiga 112, kwa sababu namba hiyo hupita kwenye mtandao wa kampuni yoyote inayofika hapo, na huhudumiwa pia kwa Kiingereza. Taja kwanza majira ya nukta ya nyumba, kisha kijiji cha karibu, kisha tatizo. Ukikatika ghafla, watakuwa tayari wanajua pa kukutafuta.

Kwa tatizo lisilo la hatari, mwandikie mwenyeji ujumbe mmoja uliokamilika ukiwa mahali penye mtandao, kwa mfano: "Tangu saa moja usiku maji ya moto hayatoki. Jiko linawaka. Cheche za hita hazisikiki. Tumebadilisha betri, bado. Picha ya hita na ya kisanduku cha swichi nimeambatisha." Kwa ujumbe kama huo naweza kumpigia fundi kabla hajalala, na asubuhi akapanda mlima akiwa na kifaa sahihi mkononi.